Bei ya mbaazi hupikwa katika sufuria ya India

MFANYABIASHARA mdogo anayenunua mahindi mwezi Julai na kuyaweka stoo hadi Februari kwa kawaida hapati hasara, kwa kuwa mavuno mapya huwa bado yako mbali na walaji hawapungui. Wapo waliotumia hesabu hiyo hiyo kwenye mbaazi na mtaji wao ukaishia ghalani. Walioumia hivyo walikosa kujua jambo moja: ni nani hasa anayekula mbaazi hizo, na anazihitaji mwezi gani.

Mlaji mkubwa wa mbaazi za Tanzania hayupo Tandale wala Temeke Stereo. Yupo Mumbai, Ahmedabad na Chennai. Chakula anachokula si kigeni kwetu, kwa sababu hupikwa kila siku hapa Dar es Salaam katika nyumba za Wahindi wasiokula nyama, na kwa namna yake kimeshaingia katika majiko ya Kinondoni, Magomeni, Temeke na Mbagala. Chakula chenyewe ni mchuzi mzito wa kunde, mboga moja au mbili za viungo, wali na chapati.

Makala haya yanafungua sufuria hiyo kitu kimoja baada ya kingine, ili msomaji mwenye gunia la mbaazi, choroko au dengu aone bei ya kila kimoja inapangwa wapi.

NDANI YA SUFURIA

Wahindi wengi wa Dar es Salaam asili yao ni Gujarat na Kutch, magharibi mwa India. Miongoni mwao, Wahindu wengi na Wajaini hawali nyama wala samaki. Kwa familia hizo kunde si kitoweo cha mwisho wa mwezi, bali ndizo zinazoshika nafasi ya nyama mwaka mzima. Ndiyo maana mahitaji yao hayapungui hata bei ya nyama ikishuka.

Mchuzi wenyewe, ambao wao huuita dal, hauna ugumu. Kikombe kimoja cha mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, kama gramu 200 hivi, huoshwa hadi maji yatoke safi, kisha huchemshwa kwa lita moja ya maji pamoja na manjano kidogo. Zikiiva hupondwa kwa mwiko, hutiwa chumvi, nyanya, tangawizi na pilipili mbichi. Wagujarati huongeza ukwaju au limau na kipande kidogo cha sukari guru, ndipo dal yao inapokuwa na uchachu na utamu kwa pamoja. Mwisho, vijiko viwili vya mafuta hupashwa moto katika kikaango kidogo, hutiwa mbegu za haradali, bizari nyembamba na mvuje kidogo sana. Haradali zikianza kurukaruka, mafuta hayo humiminwa juu ya dal, sufuria ikafunikwa.

Sufuria hiyo hutosha watu wanne hadi watano wakila na wali. Kwa hiyo kilo moja ya dal hutoa sufuria tano. Mama lishe anayetaka kuiingiza dal katika orodha yake aanzie na hesabu hiyo.

Mboga huandaliwa kando, na maji huwa kidogo. Zinaweza kuwa bamia, bilinganya na viazi, kabichi, karela, maharage mabichi au mchicha. Hapa kuna jambo la kuzingatia kwa muuza mboga. Wajaini wanaoshika sana dini yao hawali mazao yanayochimbwa ardhini kama viazi, karoti, vitunguu na vitunguu saumu. Katika siku za Paryushan, zinazoangukia Agosti au Septemba, wengi wao huacha kabisa mboga za kijani na kutegemea kunde. Mwenye wateja wa jamii hiyo asishangae matenga yake ya mboga yakilala wiki hiyo huku muuza dal akiuza.

Jirani yao Mswahili hupika mbaazi hizo hizo, lakini nzima, kwa nazi, akala na mandazi au chapati asubuhi. Tofauti ya nzima na iliyokobolewa ni kubwa kibiashara. Mbaazi kavu nzima hulowekwa usiku kucha na bado zitahitaji zaidi ya saa moja jikoni. Zilizokobolewa huiva kwa nusu saa au dakika arobaini bila kulowekwa. Kwa anayenunua mkaa kwa kopo, tofauti hiyo ni fedha taslimu.

MAJINA YASIKUCHANGANYE

Kabla ya kuzungumzia bei, ni vyema kuelewana kuhusu majina, kwani wapo wanaopoteza fedha kwa neno moja tu. Mbaazi ndizo zinazoitwa tur au tuvar katika soko la India. Choroko ni zile punje ndogo za kijani, India huitwa mung. Dengu ni zile kubwa zenye ncha kama mdomo wa ndege, India huitwa chana, na unga wake ndio unaotengeneza bajia. Adesi ni punje bapa, za kahawia au nyekundu, ambazo hapa kwetu hutoka nje.

Mfanyabiashara wa Kenya akikupigia simu akitaka ndengu, anachotaka ni choroko za Tanzania. Aliyempelekea dengu zetu amepeleka mzigo usio wake. Siku zote omba sampuli au picha kabla ya kupakia gari.

MLANGO WA DELHI

India inaongoza duniani kwa kulima mazao ya jamii ya kunde, inaongoza kwa kuyala na inaongoza pia kwa kuyaagiza. Serikali yake ina mabwana wawili: mlaji wa mjini anayelalamika dal ikipanda, na mkulima anayelalamika bei ikishuka. Mlaji akilia, mlango wa kuagiza hufunguliwa. Mkulima akilia, hufungwa. Sisi tuliopo upande wa pili wa bahari huletewa matokeo tu.

Mfano ulio wazi ni wa miaka ya 2015 hadi 2017. Mwaka 2015 mvua zilikuwa haba India na dal ya mbaazi ikafikia kama rupia 200 kwa kilo katika miji mikubwa. Bei hiyo iliwavuta wakulima wa huko na wa huku kwetu kupanda mbaazi kwa wingi. Msimu wa 2015/16 India ilivuna kama tani milioni 2.6, msimu uliofuata ikavuna karibu tani milioni 4.9. Ghafla mbaazi zikawa nyingi kuliko sufuria.

Agosti 2017 Serikali ya India ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zote zinazoagizwa kutoka nje. Mwezi huo mavuno yetu yalikuwa yanaingia maghalani. Katika Lindi, Mtwara, Manyara na kwingineko bei ikaanguka vibaya na wakulima wengi wakakosa mnunuzi. Waliokuwa wamekopa ili wanunue mbaazi walibaki na magunia na deni.

Msumbiji iliumia kwa kiasi kidogo zaidi, na sababu inaeleweka. Julai 2016, wakati Waziri Mkuu Narendra Modi alipozuru Afrika Mashariki na Kusini, nchi hiyo ilitiliana saini na India mkataba wa kuiuzia kunde, kiasi kikiongezeka hadi tani 200,000 kwa mwaka ifikapo 2020/21. Mzigo wa mkataba wa serikali kwa serikali haukuhesabiwa katika kile kikomo. Mwaka 2021 Malawi nayo ikapata mkataba wa tani 50,000 kwa mwaka. Tanzania haikuwa na mkataba wa namna hiyo mlango ulipofungwa.

Wapo waliosema wakati ule kwamba sisi tuna nafuu ya ushuru. Ni kweli, tangu 2008 India ina mpango wa kuondoa ushuru kwa bidhaa nyingi za nchi zenye maendeleo madogo kabisa, na Tanzania imo. Lakini msamaha wa ushuru hausaidii kitu kama meli yenyewe hairuhusiwi kushusha.

Mei 2021 kikomo kiliondolewa, dal ilipoanza tena kupanda India. Tangu hapo ruhusa imekuwa ikisogezwa mbele kwa vipindi. Januari 2025, kwa mfano, ilisogezwa hadi Machi 2026. Mwekezaji asome maana yake: ruhusa inayoongezwa kidogo kidogo inaweza kukoma tarehe yoyote kati ya hizo.

KALENDA MBILI

Hapa ndipo hesabu ya mahindi inapokataa kufanya kazi. Mbaazi zetu huvunwa kuanzia Julai hadi Septemba au Oktoba, kutegemea mkoa. Mbaazi za India huanza kuingia sokoni Desemba na kuendelea hadi Machi. Kati ya hapo, yaani Agosti hadi Novemba, wakoboaji wa India huwa wamebakiwa na akiba ndogo, na ni kipindi cha sikukuu za Dasara na Diwali ambapo dal na unga wa dengu hutumika kwa wingi. Hilo ndilo dirisha letu.

Mzigo unaotoka Bandari ya Dar es Salaam hutumia wiki kadhaa kufika na kutolewa bandarini. Maana yake ni kwamba mbaazi iliyonunuliwa Tandale mwishoni mwa Novemba itafika wakati mkulima wa Maharashtra na Karnataka naye anapeleka gunia lake sokoni. Anayeiweka hadi Februari akisubiri bei ipande anasubiri kipindi ambacho India ina mbaazi nyingi kuliko miezi mingine yote.

Kuna nyongeza ya pili. Mbaazi nzima hutobolewa na wadudu haraka sana stoo yenye joto kama za mwambao. Kwa hiyo aliyehifadhi bila dawa na bila mifuko isiyopitisha hewa atauza mwezi wa pili mzigo pungufu kwa bei pungufu.

Dengu nazo zina kalenda inayofanana. Hulimwa zaidi Kanda ya Ziwa, Mwanza, Shinyanga na Simiyu, katika udongo mweusi unaotunza unyevu baada ya mvua, na huvunwa katikati ya mwaka. India huvuna za kwake kuanzia Februari hadi Aprili. Zaidi ya hayo, dengu zina mshindani ambaye mbaazi hazina: njegere kavu za njano kutoka Canada na Urusi, ambazo zikisagwa huchanganywa na unga wa dengu. India ilipoziruhusu njegere hizo kuingia bila ushuru Desemba 2023, mwenye dengu hakuweza tena kudai bei ya juu apendavyo.

CHOROKO ZINA MLAJI WA KARIBU

Choroko hali yake ni tofauti. Februari 2022 India iliziondoa katika orodha ya kunde zinazoingia bila kizuizi. Lakini choroko zina walaji wengi nyumbani na jirani. Hapa huliwa kwa nazi na wali. Kenya huliwa kwa chapati karibu kila mji. Katika nyumba za Wahindi hupikwa pamoja na mchele kuwa khichdi, chakula laini cha jioni, cha mgonjwa na cha mtoto. Haziihitaji kulowekwa na huiva upesi, hivyo hata kwa mkaa wa bei ya juu hazikimbiwi.

Kwa mwenye mtaji wa magunia kumi au ishirini, choroko hazina bei za kuruka kama mbaazi katika mwaka mzuri, lakini soko lake halifungwi kwa tangazo la siku moja kutoka Delhi.

MBOGA NA VIUNGO

Upande wa mboga bei hupangwa na mvua, barabara na muda. Nyanya za Ilula, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na Mang'ola, viazi vya Njombe na Mbeya, kabichi na karoti za Lushoto, vyote hutegemea lori lifike kabla bidhaa haijalainika. Masika barabara za vijijini zikikatika, tenga la nyanya hupanda bei Temeke Stereo hata kama shambani nyanya zinaoza. Mchicha unaolimwa mabondeni ndani ya jiji hauna safari ndefu, lakini mafuriko yakipita bondeni fungu hupungua ukubwa siku hiyo hiyo.

Anayenunua kwa jumla akumbuke pia kipimo. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakipiga vita lumbesa kwa miaka mingi. Lumbesa humpunja mkulima, na pia humpotosha mnunuzi, maana bei ya gunia bila uzito haimwambii mtu chochote kuhusu bei ya kilo.

Viungo ni biashara nyingine kabisa: uzito mdogo, thamani kubwa, haviozi upesi. Tangawizi ya Same, manjano na iliki za Muheza na ukwaju wa Dodoma ni vya kwetu. Bizari nyembamba kwa sehemu kubwa hutoka India, na mvuje asili yake ni Iran na Afghanistan. Kwa hiyo sehemu ya fedha tunayopata kwa mbaazi hurudi India kwa pakiti ndogo ndogo za bizari. Mfanyabiashara wa mtaani anayefungasha viungo vizuri, vikiwa safi na vyenye uzito sahihi, anaweza kupata faida nzuri kwa kilo moja bila kuhitaji stoo kubwa.

KUKOBOA HAPA HAPA

Swali ambalo wengi hujiuliza ni kwa nini tuuze mbaazi nzima wakati dal iliyokobolewa ina bei kubwa zaidi dukani. Hesabu yake ni hii. Katika kilo 100 za mbaazi, kinu cha kawaida hutoa kilo 70 hadi 75 za dal. Zilizobaki ni maganda, vumbi na punje zilizovunjika, ambazo huuzwa kama chakula cha mifugo.

Tuchukue mfano wa kukokotolea tu, si bei ya soko: kama mbaazi imenunuliwa sh. 1,000 kwa kilo na kinu kikatoa kilo 72, basi kila kilo ya dal imekwisha kugharimu kama sh. 1,390 kabla ya umeme, kibarua, mfuko na usafiri. Kinu kikitoa kilo 65 tu, gharama hiyo inafika kama sh. 1,540. Faida au hasara ya mkoboaji mdogo imo katika kilo hizo saba. Kabla ya kununua mashine, mwekezaji aombe ijaribiwe kwa gunia lake mwenyewe, dal ipimwe mbele yake.

Uzuri wa dal ni mbili. Haishambuliwi na wadudu kirahisi kama punje yenye ganda, hivyo inaweza kuvuka Desemba bila kupoteza thamani. Na huuzwa hapa hapa: maduka ya Kisutu na Upanga, hoteli, shule za bweni, na mama lishe wa Mwananyamala, Tandika au Mbagala ambaye akionyeshwa jinsi inavyookoa mkaa anaweza kuwa mteja wa kila wiki. Soko hilo ni dogo mbele ya lile la India, na halitameza mavuno yote ya Lindi na Mtwara. Lakini kwa mwenye gunia hamsini linatosha, na halihitaji ruhusa ya mtu aliye ng'ambo.

MAMBO YA KUFUATILIA

Mwenye nia ya kuingiza fedha katika kunde msimu ujao afuatilie mambo manne.

Kwanza, hali ya mvua za India kuanzia Juni hadi Septemba, hasa Maharashtra na Karnataka. Mvua zikiwa haba, wanunuzi watatafuta mbaazi zetu mapema. Zikiwa nzuri, uza upesi.

Pili, matangazo ya Serikali ya India kuhusu uagizaji. Ruhusa ikikaribia mwisho wake bila kuongezwa, usibaki na mzigo ghalani.

Tatu, bei za minada ya hapa nyumbani. Katika mikoa ambako mbaazi, dengu na choroko huuzwa kwa stakabadhi ghalani, minada ya Soko la Bidhaa Tanzania hutoa bei zinazotangazwa hadharani. Hata asiyenunua mnadani anaweza kuzitumia kama kipimo kabla ya kukubaliana na dalali wa Tandale.

Nne, chanzo cha mtaji. Aliyenunua mbaazi kwa mkopo wa miezi mitatu yuko ndani ya dirisha. Aliyekopa kwa miezi minane akitegemea kuuza Februari amejifunga katika kalenda ya mahindi, na riba itaendelea kuhesabiwa hata mbaazi zisipotoka stoo. Kwa mtu wa namna hiyo ni heri kuuza sehemu ya mzigo Septemba, hata kwa faida ndogo, na sehemu inayobaki kuipeleka kinuni kabla wadudu na mavuno ya India havijafika.